Urithi wa Dick LeBeau upimwe kwa mizani ipi?

Agosti 7, 2010, wachezaji wa timu ya Pittsburgh Steelers waliacha kambi yao ya mazoezi wakafunga safari hadi mji wa Canton, jimboni Ohio, kumshuhudia mzee wa miaka 72 akitawazwa katika Jumba la Magwiji wa futiboli ya Marekani. Mzee huyo, Charles Richard LeBeau, maarufu kwa jina la Dick, ndiye aliyekuwa mratibu wa safu yao ya ulinzi.

Hata hivyo, heshima aliyotunukiwa siku hiyo haikutokana na kazi ambayo vijana hao waliijua. Jumba lilimpokea kama mchezaji, kwa yale aliyoyatenda akiwa beki wa Detroit Lions kati ya mwaka wa 1959 na 1972, kabla ya wengi wa waliomshangilia kuzaliwa.

Tangu wakati huo, wapenzi wa mchezo huo wamekuwa wakivutana. Je, LeBeau akumbukwe kwa pasi alizonasa ujanani, au kwa mbinu aliyoibuni akiwa mkufunzi na ambayo ilibadilisha namna timu zinavyojihami? Na je, mtu aliyeshindwa vibaya alipokabidhiwa timu nzima aweza kuitwa gwiji wa ukufunzi?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa msomaji aliyezoea kandanda aelewe kazi yenyewe. Katika futiboli ya Marekani, kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, lakini kikosi kinachoshambulia si kile kinacholinda. Mpira ukibadilisha mikono, kikosi kimoja hutoka na kingine huingia. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani takribani mita tisa. Ikifaulu, hupewa majaribio mengine manne; ikishindwa, hulazimika kuuachilia mpira.

Mhimili wa mashambulizi ni kotabeki, ambaye hupokea mpira na kuamua iwapo ataurusha kwa mwenzake aliye mbele au atampa mwingine akimbie nao. Mbele yake husimama wanaume wenye miraba minne wa kumkinga. Upande wa pili, walinzi hujipanga katika safu tatu: mapande ya watu mstari wa mbele, walinzi wa safu ya kati nyuma yao, kisha mabeki wanaowachunga wapokeaji pasi.

Mratibu wa ulinzi ndiye huamua, kabla ya kila jaribio, hao 11 wasimame vipi, nani amvamie kotabeki na nani abaki nyuma. Ana sekunde chache tu za kufanya hivyo, na katika mechi moja huamua mara 60 au zaidi. Timu ikishinda, sifa huenda kwa kotabeki na kocha mkuu. Ikishindwa kwa kufungwa alama nyingi, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Katika kazi ya namna hiyo, kugawa sifa na lawama kwa haki si jambo jepesi. Kwa LeBeau ni vigumu zaidi, kwa kuwa maisha yake katika ligi kuu ya NFL yalidumu misimu 59 mfululizo, 14 akiwa mchezaji na 45 akiwa mkufunzi, na ndani yake mna mafanikio na maanguko ya kila aina.

LeBeau alizaliwa Septemba 9, 1937, katika mji mdogo uitwao London, huko huko Ohio. Alichezea Chuo Kikuu cha Ohio State chini ya kocha Woody Hayes, na alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo mwaka wa 1957. Cleveland Browns walimchagua mwaka wa 1959 lakini wakamtema kabla ya msimu kuanza. Detroit Lions wakamwokota.

Hakuwa mwenye kasi ya kutisha, wala umbo lake halikuwaogofya wapinzani. Alichokuwa nacho ni jicho la kusoma mchezo na subira ya kusubiri kosa. Kwa misimu 14 alinasa pasi 62 za wapinzani. Alipostaafu, ni watu wawili tu katika historia ya ligi waliokuwa wamemzidi: Emlen Tunnell, aliyenasa 79, na Dick Lane, aliyenasa 68. Lane aliwahi kucheza naye bega kwa bega pale Detroit.

Isitoshe, LeBeau alicheza mechi 171 mfululizo bila kukosa hata moja, katika mchezo ambao mifupa huvunjika kila wiki. Licha ya rekodi hiyo, alisubiri miaka 38 tangu kustaafu hadi mlango wa Canton ulipomfungukia, kupitia kamati inayowaangalia wachezaji wa zamani waliosahauliwa. Lions ya siku zake haikuwa timu ya kutwaa mataji, na mchezaji asiye na taji husahaulika upesi.

Ukufunzi aliuanza mwaka wa 1973 katika timu ya Philadelphia Eagles, akahamia Green Bay Packers mwaka wa 1976, kisha Cincinnati Bengals mwaka wa 1980. Ni katika timu hii ya mwisho, alikopandishwa cheo kuwa mratibu wa ulinzi mwaka wa 1984, ndiko wazo lililombebea jina lilikokomaa.

Tatizo alilokabiliana nalo lilikuwa hili. Desturi ya walinzi waliotaka kumharakisha kotabeki ilikuwa kutuma watu wengi kumvamia. Uvamizi huo ulikuwa kamari, kwani kila aliyetumwa mbele aliacha pengo nyuma yake, na wapokeaji pasi walibaki wakichungwa mtu kwa mtu. Kotabeki mwepesi wa mkono aliurusha mpira mahali pale pale mvamizi alipotoka, na walinzi wakaadhibiwa.

Hakuna aliyewaadhibu walinzi kwa njia hiyo kama Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers. Mfumo wake ulitegemea pasi fupi za haraka, ambazo ziliondoka mkononi kabla mvamizi hajafika. Kejeli ya historia ni kwamba Walsh aliulea mfumo huo akiwa naibu wa kocha katika Bengals hiyo hiyo, kabla ya kuondoka baada ya msimu wa 1975.

LeBeau alitafuta shinikizo lisilo na kamari. Alimwendea Bill Arnsparger, aliyewahi kuunoa ulinzi wa Miami Dolphins na ambaye wakati huo alikuwa akifunza Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Arnsparger alimweleza kuhusu kile alichokiita shinikizo salama. Neno hilo lilimkaa LeBeau akilini, akaanza kuchora michoro yake.

Jibu lake lilikuwa la kushangaza kwa urahisi wake. Badala ya kuongeza idadi ya wavamizi, alibadilisha nani avamie. Mlinzi wa safu ya kati au hata beki alitumwa mbele kutoka upande usiotarajiwa. Wakati huo huo, pande la mtu lililosimama mstari wa mbele, ambalo kila mmoja alidhani litavamia, lilirudi nyuma na kusimama katika eneo ambalo kotabeki alitarajia kulikuta tupu.

Kwa hesabu, wavamizi walikuwa watano na waliobaki sita. Aghalabu watatu kati ya hao sita walilinda kanda za karibu, na watatu kanda za mbali. Waliopewa jukumu la kumkinga kotabeki walijikuta wakimzuia mtu ambaye haji, huku anayekuja akipita bila kuguswa. Naye kotabeki, akiharakishwa, aliurusha mpira moja kwa moja kifuani mwa mlinzi ambaye hakumwona.

Mpenzi wa kandanda anaweza kuielewa mbinu hii kwa mfano wa beki wa pembeni anayepanda kushambulia huku kiungo mkabaji akirudi kuziba pengo. Tofauti ni kwamba LeBeau aliwabadilisha watu wake kwa siri, na kila jaribio lilikuja na sura mpya.

Yapo mabishano kuhusu iwapo yeye ndiye mvumbuzi. Ukweli ni kwamba Arnsparger alikuwa amewahi kuwachanganya wapinzani mapema miaka ya 1970, kwa kumtumia Bob Matheson, mlinzi wa Dolphins aliyeweza ama kuvamia ama kurudi nyuma. Mbegu basi haikuwa ya LeBeau. Lakini aliyeipanda, akaipalilia na kuifanya shamba zima, badala ya mche mmoja wa kushtukiza, ni yeye.

Mtihani mkuu wa kwanza wa mbinu hiyo ulikuja Januari 1989, Bengals ilipokutana na 49ers ya Walsh katika fainali ya Super Bowl. Bengals iliongoza 16-13 zikiwa zimesalia dakika tatu na ushei, na wapinzani walikuwa wamebanwa yadi nane tu kutoka mstari wao wenyewe. Kotabeki Joe Montana aliivusha timu yake yadi 92, pasi moja fupi baada ya nyingine, hadi alipompata John Taylor zikiwa zimesalia sekunde 34. 49ers ilishinda 20-16.

Mwalimu wa pasi fupi alikuwa amemshinda mwalimu wa kuzizuia, dakika ya mwisho, katika mechi ya mwisho ya Walsh akiwa kocha wa 49ers. Wapo ambao wangeitupa mbinu iliyowanyima taji namna hiyo. LeBeau hakuitupa.

Aliihamishia Pittsburgh mwaka wa 1992, akiwa mkufunzi wa mabeki chini ya kocha mkuu Bill Cowher. Mratibu wa ulinzi wakati huo alikuwa Dom Capers, na walinzi wa safu ya kati walifunzwa na Marvin Lewis. Watatu hao walijenga ulinzi uliotisha ligi nzima, na Capers alipoondoka kwenda kuiongoza Carolina Panthers mwaka wa 1995, LeBeau alirithi cheo chake. Msimu huo huo Steelers ilifika Super Bowl, ikalazwa 27-17 na Dallas Cowboys.

Kipindi kilichofuata ndicho doa kubwa katika kumbukumbu zake. Alirejea Cincinnati mwaka wa 1997, na mwaka wa 2000, baada ya kocha mkuu Bruce Coslet kujiuzulu msimu ukiwa mchanga, akakabidhiwa usukani. Kati ya mechi 45 alizoongoza, alishinda 12 na kupoteza 33. Msimu wa 2002 ulikuwa wa aibu, kwani timu ilishinda mara mbili pekee katika mechi 16, na LeBeau akafutwa kazi.

Wanaomtetea husema kwamba Bengals ya miaka hiyo ilikuwa gofu, na kwamba haikuwahi kupata msimu wa ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 1990 hadi 2005. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimwondolei lawama zote. Kocha mkuu huteua wachezaji, husimamia mashambulizi na hubeba timu nzima mabegani. Katika kazi hiyo LeBeau alipewa fursa na hakufua dafu.

Baada ya msimu mmoja akiwa naibu katika Buffalo Bills, alirudi Pittsburgh mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 66, wakati ambao wengi huwa wameshika njia ya nyumbani. Hapo ndipo ukurasa mtamu zaidi ulipofunguka.

Katika misimu 11 aliyokaa huko, ulinzi wa Steelers uliongoza ligi mara tano kwa kuwaruhusu wapinzani yadi chache zaidi: 2004, 2007, 2008, 2011 na 2012. Timu ilifika Super Bowl mara tatu. Februari 2006 iliilaza Seattle Seahawks 21-10, baada ya kupenya mchujo ikiwa ya sita na ya mwisho katika kundi lake. Februari 2009 iliicharaza Arizona Cardinals 27-23.

Ni fainali hiyo ya 2009 iliyoacha picha ambayo huonyeshwa kila mbinu ya LeBeau inapoelezwa. Kipindi cha kwanza kikikaribia kuisha, Cardinals ilikuwa yadi moja tu kutoka mstari wa kufunga. James Harrison, mlinzi wa pembeni ambaye kotabeki Kurt Warner alitarajia avamie, alijifanya kusonga mbele kisha akarudi nyuma hatua chache. Warner hakumwona. Harrison aliinasa pasi, akatimka yadi 100 hadi upande wa pili na kufunga. Nafasi alizocheza Harrison si ngeni kabisa kwa Wakenya, kwani mwanaraga Daniel Adongo aliyejiunga na Indianapolis Colts mwaka wa 2013 alifunzwa nafasi hiyo hiyo.

Lakini mechi iyo hiyo ilionyesha pia mipaka ya ulinzi huo. Zikiwa zimesalia dakika mbili na ushei, Larry Fitzgerald aliupenya katikati na kukimbia hadi kufunga, Cardinals ikaongoza 23-20. Ilibidi kikosi cha mashambulizi kiiokoe Steelers kwa bao la Santonio Holmes, kabla ya walinzi kuufunga mlango kwa kumpokonya Warner mpira dakika ya mwisho.

Miaka miwili baadaye, Februari 2011, Steelers ilipoteza Super Bowl nyingine kwa Green Bay Packers, 31-25. Kotabeki Aaron Rodgers alirusha pasi tatu za mabao dhidi ya walinzi wa LeBeau. Aliyeratibu ulinzi wa Packers siku hiyo alikuwa Dom Capers, mwenzake wa zamani wa Pittsburgh, aliyekuja na mbinu zilizotoka chungu kimoja na zake.

Pigo lililouma zaidi lilikuja Januari 2012, katika mechi ya mchujo dhidi ya Denver Broncos. Msimu huo hakuna timu iliyokuwa imezuia pasi kuliko Steelers, na kotabeki wa Denver, Tim Tebow, alidharauliwa kwa urushaji wake duni. LeBeau aliwasogeza mabeki wake mbele kuzuia mbio. Tebow akarusha yadi 316, na katika jaribio la kwanza la muda wa ziada akampata Demaryius Thomas aliyetimka na kufunga bao la yadi 80. Broncos ilishinda 29-23.

Wachambuzi wanaompunguzia LeBeau sifa hushikilia hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba alibebwa na vipaji. Troy Polamalu alitajwa mlinzi bora wa ligi mwaka wa 2010, na Harrison mwaka wa 2008. Vigogo hao walipozeeka, ulinzi ulishuka, na LeBeau akaagana na Steelers Januari 2015. Alimalizia kazi yake katika Tennessee Titans, kuanzia 2015 hadi 2017, bila makali ya awali.

Hoja ya pili ni kwamba ulinzi wake ulistawi katika mchezo uliokuwa ukimhatarisha mwanadamu. Harrison alitozwa faini mara kadhaa mwaka wa 2010 na kusimamishwa mechi moja Desemba 2011 kwa kuwagonga wapinzani vichwani. Ligi ilipokaza kanuni za kuwakinga wachezaji wa mashambulizi, ukali uliowasifisha walinzi wa Pittsburgh uligeuka hasara.

Hoja hizo si za kupuuzwa, lakini zinasahau mambo kadhaa. Harrison hakuteuliwa na timu yoyote alipotoka chuoni, na Steelers yenyewe iliwahi kumtema mara kadhaa kabla hajang'ara. Polamalu alikuwa na kipaji, lakini ni mfumo wa LeBeau uliomruhusu kutoka nafasi yake na kufuata alichokiona. Mkufunzi mwingine angemfunga kamba mahali pamoja. Kutambua mchezaji wa kuachiliwa huru na wa kuelekezwa ni sehemu ya ukufunzi.

Kisha kuna ushahidi usioandikwa katika jedwali la matokeo. Mwaka wa 2007, Steelers ilipokwenda Canton kwa mechi ya kirafiki, wachezaji walifika wakiwa wamevalia jezi nambari 44 ya Lions, ile aliyovaa LeBeau alipokuwa mchezaji, kudai aingizwe katika Jumba la Magwiji. Kila msimu wa Krismasi aliwakusanya na kuwasimulia kwa moyo shairi mashuhuri la sikukuu hiyo, nao watu wenye vifua kama milango walitulia kama watoto. Mkufunzi huheshimiwa akishinda. LeBeau alipendwa hata aliposhindwa.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, uko nje ya Pittsburgh. Leo ni vigumu kuipata timu ya NFL, au ya chuo kikuu, ambayo haina ndani ya kitabu chake cha mbinu uvamizi unaomrudisha nyuma mtu wa mstari wa mbele. Kilichoonekana kichekesho katikati ya miaka ya 1980 kimekuwa somo la kawaida, hata vijana wanaofunzwa hawajui kilikotoka.

Hapo ndipo mizani ya kumpima LeBeau inapopatikana. Akipimwa kama kocha mkuu, alifeli, na hakuna haja ya kulificha hilo. Akipimwa kwa mataji pekee, ana mawili aliyopata na fainali nne alizopoteza akiwa miongoni mwa wakufunzi, hesabu ambayo wengine wameizidi. Lakini mratibu hakuajiriwa kuwa mfalme. Aliajiriwa kumpa kocha wake majibu ya maswali ambayo mpinzani hajawahi kuulizwa, na katika hilo ni wachache waliomfikia.

Kwa hivyo Jumba la Magwiji halikukosea kumpokea kama mchezaji, ila lilisimulia nusu ya hadithi. Beki aliyesubiri kosa la kotabeki ndiye mkufunzi aliyebuni njia ya kulisababisha kosa hilo. Pasi 62 na mbinu iliyoenea ligi nzima zilitoka katika jicho moja.

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. LeBeau hakupata pete ya ubingwa katika misimu yake 14 ya kucheza. Alizivaa mbili uzeeni, alizopewa kwa kazi ambayo Canton haikuitaja ilipomtawaza.